Dundu wa mavi wa misitu ya Ulaya: jinsi ya kumtambua bila kudanganywa na rangi yake

Katika misitu ya Ujerumani, Poland, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, tangu majira ya kuchipua hadi majani yanapopukutika, kuna mdudu anayekatiza njia za watembea kwa miguu mchana kweupe. Ni mnene, mgongo umebinuka, mweusi mwenye mng'ao wa buluu, na urefu wake ni kati ya milimita 12 na 19. Ukimgeuza chali, tumbo lake linawaka zambarau, buluu au kijani, kutegemea jua linampiga kutoka upande gani. Jina lake la kisayansi ni Anoplotrupes stercorosus. Hapa nitamwita dundu wa msituni, kwa kuwa msitu ndio makazi yake, ilhali baadhi ya jamaa zake wanaofanana naye hupenda zaidi malisho ya wazi yenye ng'ombe na farasi.

Ni mdudu wa kawaida kabisa katika nchi hizo, na huenda ndiyo sababu hutambuliwa vibaya mara nyingi. Mtu humpiga picha moja kutoka juu, huona weusi na mng'ao, kisha humpa jina la kwanza analokutana nalo. Hata programu za simu zinazotambua viumbe kwa picha hujikwaa hapohapo, kwa sababu alama zinazomtenga na jamaa zake haziko kwenye rangi ya mgongo inayoangaliwa. Ziko kwenye mguu wa nyuma, kwenye kipapasio na kwenye hesabu ya mifereji ya mabawa. Atakayezijua alama hizo, akiwa na kioo cha kukuzia mara kumi tu, anaweza kufikia jina sahihi ndani ya dakika chache, na, lililo muhimu zaidi, anaweza kumweleza mwenzake kwa nini ni huyu na si yule.

Kwanza familia

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia habari za mdudu wa mavi, humjia akilini yule anayeviringisha donge kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, kama tunavyomwona Tsavo au Serengeti baada ya mvua. Huyo ni wa nusufamilia ya Scarabaeinae, ndani ya familia ya Scarabaeidae. Dundu wa msituni ni wa familia nyingine, Geotrupidae. Yeye haviringishi kitu. Huchimba shimo palepale kwenye mavi au jirani yake, kisha huyavuta yakaingia ardhini kipande kwa kipande.

Wataalamu huwagawa wadudu wa mavi kwa kazi zao katika makundi matatu: waviringishaji, wachimbaji, na wakaaji wanaoishi ndani ya lundo lenyewe bila kulihamisha. Mgawanyo huo unasaidia kuelewa maisha yao, lakini hauonyeshi undugu. Hata ndani ya Scarabaeinae wachimbaji ni wengi, wakiwamo Heliocopris, majitu wanaozika mavi ya tembo huko Tsavo. Kwa hiyo kumwona mdudu akichimba hakukuambii ni wa familia gani. Inabidi umtazame kichwa.

Geotrupidae wana mataya magumu yanayochomoza mbele ya kichwa, na ukimtazama kutoka juu unayaona waziwazi. Katika Scarabaeinae mataya ni laini na yamefichwa chini ya ukingo mpana wa kichwa, ule unaotumika kama koleo. Alama ya pili iko kwenye vipapasio. Kila kipapasio cha mdudu wa Geotrupidae kina pingili 11, na tatu za mwisho zimepanuka na kubanana kuwa rungu dogo. Kwa Scarabaeinae pingili ni 8 au 9. Kuhesabu pingili kunahitaji subira, maana mdudu akishikwa hukunja vipapasio chini ya kichwa, lakini mataya peke yake yanatosha kukuvusha hatua hii. Katika dundu wetu rungu hilo ni la rangi ya hudhurungi nyekundu, tofauti na mwili mweusi, na huonekana vizuri anapotembea kwa utulivu akinusa hewa.

Mguu wa nyuma na mifereji ya mabawa

Ukishafika kwenye Geotrupidae, ndipo kazi halisi inapoanza, kwa sababu jamaa wa karibu wanaofanana ni kadhaa. Njia bora ni kuwaondoa mmoja mmoja, ukianzia na aliye rahisi.

Wa kwanza kuondoka ni Typhaeus typhoeus. Dume lake lina pembe tatu zinazoelekea mbele kutoka kwenye ngao ya kifua, na hakuna mwingine wa kundi hili katika misitu hiyo aliye hivyo. Jike hana pembe ndefu, ila ngao yake ina vichomozo vifupi pembeni, na mifereji ya mabawa yake ni mirefu na iliyochimbika sana. Hupenda ardhi ya kichanga, hula sana mavi ya sungura, na huonekana zaidi katika miezi ya baridi, wakati dundu wa msituni yuko chini ya ardhi.

Anayefuata ni Trypocopris vernalis. Huyu huwachanganya watu kuliko wote kwa sababu urefu ni uleule, mng'ao ni uleule, na mara nyingine wanaishi katika msitu mmoja. Pitisha jicho mgongoni. Mabawa magumu ya Trypocopris ni karibu laini kabisa, mifereji yake imefifia kiasi kwamba bila mwanga wa pembeni huioni. Mabawa ya dundu wa msituni yana mifereji inayoonekana kwa macho, imepangana kutoka mbele kwenda nyuma, yenye vitundu vidogo ndani yake. Huo ndio utengano, na hauhitaji hadubini.

Wanabaki wale wa jenasi ya Geotrupes, na hapa ndipo wengi hukwama. Geotrupes stercorarius ana kati ya milimita 16 na 25, kwa hiyo mkubwa wao hawezi kuwa dundu wa msituni, lakini mdogo wao anaingia katika vipimo vyake bila shida. Ukubwa hautoshi. Geotrupes mutator unaweza kumwondoa kwa hesabu: tangu mshono wa katikati, pale mabawa mawili yanapokutana, hadi kwenye nundu ya bega, yeye ana mifereji 9, ilhali dundu wa msituni ana 7. Tatizo ni kwamba stercorarius na Geotrupes spiniger nao wana 7. Mgongo umefika mwisho wa msaada wake.

Basi vuta mguu wa nyuma, taratibu, utazame upande wa nje wa muundi. Muundi huo si laini, una matuta yanayokingama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ndiyo anayoyatumia kukita mguu ndani ya shimo anaposukuma udongo. Katika Geotrupes matuta kamili ni matatu. Katika dundu wa msituni ni mawili. Tuta lililokatika kabla ya kuvuka halihesabiwi. Kwangu hii ndiyo alama ya thamani kuliko zote, maana haibadiliki kwa jua wala kwa namna ulivyoshika kamera, na mtu mwingine akiichunguza kesho juu ya mdudu yuleyule atapata idadi ileile.

Ikitokea kwamba matuta ni matatu na unataka kuendelea, mgeuze chali. Tumbo la Geotrupes stercorarius limejaa vitundu na vinywele sawasawa kutoka upande hadi upande. La spiniger lina eneo laini linalong'aa katikati, vinywele vikiwa pembeni tu.

Haya yote yana maana moja kwa mpiga picha: picha ya mgongo peke yake haitoshi. Piga ya juu, piga ya pembeni ukilenga mguu wa nyuma, piga ya chini, na weka rula au sarafu kando yake. Kisha mwachie aende zake.

Kwa nini rangi inadanganya

Buluu ya dundu huyu haitokani na rangi iliyopakwa ndani ya ganda. Ganda la mdudu hujengwa kwa matabaka membamba sana yaliyolaliana, na mwanga unaporudi kutoka tabaka moja na jingine, mawimbi yake hukutana, mengine yakiimarishana na mengine yakifutana. Rangi tunayoiona ni ile iliyoimarishwa. Unene wa matabaka ukibadilika kidogo tu, rangi inahama kutoka zambarau kwenda buluu au kijani. Ndiyo maana katika msitu mmoja utakuta mmoja wa buluu nzito na mwenzake mwenye kingo za kijani, na wote ni spishi moja.

Umri nao unaongeza mkanganyiko. Dundu aliyetoka ardhini karibuni anang'aa. Aliyekwisha kupita majira ya kuchimba amekwaruzika, mng'ao umefifia, na meno ya miundi ya mbele, yale anayochimbia, yamesagika yakabaki mafupi na butu. Mtu asiyejua anaweza kuona meno butu akadhani amegundua tofauti ya spishi, kumbe anatazama uzee. Usagikaji huo una faida yake kwa wachunguzi, kwani wao huutumia kukadiria ni wangapi katika mtego ni wapya na ni wangapi ni wa mwaka uliopita.

Kitu kingine kinachowashtua watu wanapomgeuza ni utitiri, vidudu vidogo vya jamii ya kupe, wa rangi ya kahawia uliojazana tumboni, kifuani na kwenye mapaja. Wengi hudhani mdudu ni mgonjwa. Kwa kawaida utitiri huo haumnyonyi. Umepanda kama abiria: hauna mabawa, na mavi mabichi yako mbali, kwa hiyo unabebwa hadi kwenye lundo jipya, unashuka, na huko unawinda mayai na mabuu wadogo wa nzi pamoja na minyoo midogo. Utitiri hausaidii kumtambua dundu, maana jamaa zake wote hubeba.

Sauti pia husikika. Ukimshika kwenye kiganja anatoa mlio mwembamba wa kukwaruza, kwa kusugua sehemu ya juu ya mguu wa nyuma dhidi ya ukingo wa pingili ya tumbo. Wanaoshika wadudu kwa mara ya kwanza hustuka wakamwangusha, na pengine hiyo ndiyo kazi ya mlio huo mbele ya ndege au mnyama anayetaka kumla.

Anavyoishi

Chakula chake si mavi pekee. Hula mavi ya kulungu, nguruwe mwitu, mbweha na farasi wanaopita kwenye njia za msituni, lakini utamkuta pia kwenye uyoga unaooza, kwenye mizoga, na kwenye utomvu unaotoka kwenye mti uliojeruhiwa. Katika msitu ambamo wanyama wakubwa ni wachache, uwezo huu wa kula vitu vingi ndio unaomwezesha kuwa na idadi kubwa.

Wakati wa kuzaana, dume na jike hushirikiana kuchimba shimo linaloshuka wima, kisha vichuguu vya pembeni hutoka kwenye shimo hilo. Kila kichuguu hushindiliwa chakula na kutagiwa yai lake. Buu anayetoka ni mweupe, amejikunja nusu duara, na miguu yake ya nyuma ni midogo mno ukilinganisha na ile ya mbele. Hula akiba yake gizani, hugeuka kuwa pupa, na ukuaji huo wote huchukua takriban mwaka au zaidi kutegemea baridi ya mahali. Wapya hujitokeza kiangazi, hula kwa bidii, hujichimbia kabla ya theluji, na huanza uzazi majira ya kuchipua yanayofuata. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini njia za msitu hujaa madundu mwishoni mwa kiangazi: unaona kizazi kipya kikila kabla ya baridi.

Faida yake kwa msitu ni kubwa. Mbolea inashuka hadi kwenye mizizi badala ya kukauka juu, udongo unapitisha hewa na maji, na nzi wanakosa mahali pa kuzaana. Adui mmoja anayejulikana vizuri kwa wadudu wa mavi ni dawa za minyoo za mifugo kama ivamektini, ambazo hutoka na mavi zikiwa bado na nguvu ya kuua mabuu. Dundu anayekula mavi ya wanyama wa porini ana nafuu, lakini farasi wa kupandwa wanaopita msituni nao hupewa dawa hizo.

Kutambua ni jambo moja, kueleza ni jingine

Mpaka hapa tumekuwa tukitambua, yaani tumechukua mdudu mmoja na kumpeleka kwenye jina lililokwisha kuwapo. Jina hilo lilitoka wapi?

Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alichapisha toleo la kumi la orodha yake ya viumbe, ambalo ndilo mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Humo alimtaja Scarabaeus stercorarius na Scarabaeus vernalis. Dundu wa msituni hakuwamo kama spishi ya peke yake. Aliingia mwaka 1791, katika jarida la wadudu lililohaririwa na Scriba nchini Ujerumani, kwa jina la Scarabaeus stercorosus. Baadhi ya waandishi humtaja Scriba kuwa mtoa jina, wengine humtaja Hartmann, ambaye maelezo yake ndiyo yaliyochapwa humo. Mwaka 1798 Panzer alimwita Scarabaeus sylvaticus, na jina hilo lilitumika sana katika vitabu vya baadaye. Kanuni lakini iko wazi: jina la mapema lililochapishwa kihalali ndilo linaloshinda. Hivyo la 1791 likabaki na la Panzer likawa kisawe tu. Mwaka 1866 Jekel alianzisha jina la kundi Anoplotrupes, na hata baada ya hapo wengi waliendelea kumwandika Geotrupes stercorosus kwa miaka mingi. Ukikuta limeandikwa Anoplotrupes stercorosus (Scriba, 1791), mabano hayo yanakuambia kwamba mtoa jina alimweka katika jenasi nyingine na mtu wa baadaye akamhamisha.

Maelezo ya spishi mpya siku hizi yana masharti. Mwandishi huandika utofautisho, sehemu fupi inayosema ni alama zipi zinamtenga kiumbe huyu na jamaa zake wa karibu, mfano matuta mawili badala ya matatu. Kisha huandika maelezo kamili, kutoka kichwani hadi mwisho wa tumbo. Hizi ni sehemu mbili zenye kazi tofauti, na anayezichanganya humwacha msomaji na kurasa nyingi asijue pa kutazama. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa zinamtaka mwandishi abainishe wazi kielelezo kinachobeba jina, na kwa kawaida huwa ni mdudu mmoja tu aliyehifadhiwa, anayeitwa holotaipu. Tangu 2012 uchapishaji wa mtandaoni peke yake unakubalika, ilimradi kazi iandikishwe katika ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama.

Holotaipu hachaguliwi kwa sababu ni mzuri kuliko wenzake au ni wa wastani. Kazi yake ni kuwa mahali pa mwisho pa kurejea. Ikigundulika baada ya miaka 50 kwamba mwandishi alichanganya spishi mbili katika maelezo yake, jina linamfuata holotaipu, na spishi nyingine inapewa jina lake. Ndiyo maana jumba la makumbusho linaweza kumtunza mdudu mmoja aliyekauka, aliyekosa mguu, kwa uangalifu mkubwa.

Vinasaba vimeongeza ushahidi mwingine. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake walipendekeza kutumia kipande kimoja cha jeni la COI, chenye herufi za kinasaba 658 hivi, kama alama ya kulinganishia spishi za wanyama. Kwa wadudu wa mavi msaada wake mkubwa ni kwa mabuu, ambao hawana mifereji ya mabawa wala matuta ya kuhesabu. Lakini kipande hicho kinalinganisha tu na kile kilichokwisha kuwekwa kwenye hifadhi ya data. Kama aliyekiweka alikosea kuhesabu matuta, kosa lake linasambaa kwa kila anayefuata.

Ukiwa Usambara au Uluguru

Hatua hizi zinafaa pia katika misitu yetu, ingawa mzigo ni mzito zaidi. Huku wengi utakaowapata ni Scarabaeinae, na jenasi moja tu, Onthophagus, ina zaidi ya spishi 2,000 duniani. Baadhi yao hawatenganishwi kwa pembe wala kwa rangi. Inabidi kufungua tumbo la dume na kutazama umbo la kiungo chake cha uzazi chini ya hadubini, kwa kuwa hicho hutofautiana pale ambapo mwili wote unafanana. Isitoshe, vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vilivyokusanywa enzi za ukoloni viko katika majumba ya makumbusho ya Berlin, London na Tervuren (Ubelgiji). Mwanafunzi wa Morogoro au Nairobi anayetaka kulinganisha mdudu wake na holotaipu hulazimika kusafiri au kuomba picha, na naona ni haki picha hizo ziwekwe wazi mtandaoni, kutoka kila upande, mguu wa nyuma ukiwamo.

Kinachowezekana bila kusubiri Ulaya ni kukusanya vizuri. Mtego wa shimo ni kikombe cha plastiki kilichofukiwa mdomo ukilingana na ardhi, juu yake chambo cha mavi kimefungwa kwenye kitambaa, na juu zaidi jani pana au sahani ya kukinga mvua. Kila mtego uwe na lebo yake: nchi, mkoa, jina la msitu, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, mavi ya mnyama gani yalitumika, na jina la aliyekusanya. Lebo iingie ndani ya chupa ya spiriti pamoja na wadudu, isibandikwe nje. Iandikwe kwa penseli, maana spiriti huufuta wino wa kalamu ya kawaida.